Nyuki wa madoa ya buluu si nyigu, na ukuta wake usimwagiwe mafuta ya taa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu ushauri uliotolewa wiki iliyopita kwenye ukurasa wenu wa kilimo. Msomaji mmoja aliuliza afanye nini na wadudu weusi wenye madoa ya buluu walioandama ukuta wa jiko lake la udongo. Akajibiwa kwamba hao ni nyigu, kwamba wanakula nyuki, na kwamba dawa yao ni kumimina mafuta ya taa katika kila tundu jioni, kisha ukuta wote upigwe saruji. Nilifundisha sayansi shule ya msingi hadi nilipostaafu. Sasa nalima biringanya, nyanya chungu na nyanya hapa Muheza, na jiko langu la nje lina ukuta wa fito na udongo uliotobolewa vilevile, na wadudu walewale wanauzunguka kila asubuhi jua likishapanda. Jibu lile siwezi kulinyamazia, maana najua wasomaji wako wengi wana kuta kama hizo na mafuta ya taa hayako mbali.

Mdudu yule ni nyuki. Wataalamu humwita Thyreus, jina lililotolewa mwaka 1806 na Mjerumani aitwaye Panzer, na ndani ya jina hilo kuna aina zaidi ya 100 zilizosambaa Afrika, Asia, Ulaya na hadi Australia. Sisi Afrika Mashariki tunazo kadhaa. Hana asali, hana mzinga, hana malkia wala vibarua. Kila jike yuko peke yake na anajitegemea kwa kila kitu isipokuwa kimoja, nacho ni malezi. Hajengi nyumba ya watoto wake na hawakusanyii chakula. Hutaga yai lake ndani ya chumba cha nyuki mwingine, kama afanyavyo kekeo yule mwenye mgongo wa kijani anayetaga kwenye viota vya kwera. Ndiyo maana mimi namwita nyuki kekeo, na katika barua hii nitamwita hivyo.

Nianze na sura yake, kwa kuwa kosa la ukurasa wenu lilianzia hapo. Urefu wake ni sentimita moja hadi moja na nusu, kwa hiyo hapishani sana na nyuki wa asali, ila amejazia na mwili wake ni mgumu. Rangi yake ni nyeusi tii. Juu ya weusi huo kuna mabaka ya manyoya mafupi yaliyolala, mengine ya buluu ya kung'aa, mengine meupe kabisa, kutegemea aina. Kwenye tumbo mabaka hayo yamepangwa pembeni, kulia na kushoto, yakiacha njia nyeusi katikati. Miguuni nako kuna mabaka, juu ya kila muundi, utadhani kuna mtu aliyeyapaka kwa brashi. Mabawa yana rangi ya moshi. Ukimwangalia kwa lenzi ya kukuzia, utaona ngozi yake imejaa vishimo vidogo, na nyuma ya kifua kuna kipande bapa kilichochomoza juu ya kiungo cha tumbo, kimekatwa katikati na kuacha ncha mbili. Hiyo ni silaha ya kujikinga. Mwenye nyumba akimkuta ndani humwuma na kumsukuma, na mwili laini usingestahimili ugomvi huo.

Kuna kitu kingine ambacho wanafunzi wangu walikuwa wepesi kukiona kuliko watu wazima. Miguu yake ya nyuma haina brashi ya kubebea chavua. Nyuki jike wa kawaida utamwona amejaa unga wa njano miguuni au chini ya tumbo. Huyu hata akitoka kwenye ua la kivumbasi hutoka msafi. Anakunywa mbochi ya kumtosha yeye mwenyewe, basi. Chavua ya watoto wake inakusanywa na mwingine.

Huyo mwingine ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu, maana ukurasa wenu haukumtaja kabisa, na ndiye mwenye yale matundu. Anaitwa Amegilla. Mimi namwita nyuki mchimbaji. Ana manyoya mengi kifuani ya rangi ya hudhurungi, na tumboni ana mistari inayokatiza upana wote, ya weupe au ya buluu hafifu. Mistari inayokatiza ni mchimbaji, mabaka ya pembeni ni kekeo: hiyo ndiyo tofauti ya haraka kwa mtu aliyesimama mbele ya ukuta. Tena mchimbaji hatulii. Anaruka kwa mikupuo, anasimama angani mbele ya ua akiwa amekwisha kuutoa ulimi wake mrefu, anavuma kwa sauti nyembamba ya juu, kisha huyo, amekwenda. Kekeo karibu na ukuta huruka polepole na chini, akipita tundu baada ya tundu.

Jike la mchimbaji huchimba peke yake. Hupenda udongo mkavu uliosimama: kingo za makorongo, mashimo ya kuchimbia udongo wa matofali, vichuguu vilivyokufa, kuta za nyumba zetu za kukandika na za matofali mabichi, hasa upande unaopata jua na usionyeshewa mvua kwa sababu makuti yameushukia. Kila mmoja ana tundu lake, ila wanapenda ujirani, na ndiyo maana ukuta mmoja unaweza kuwa na matundu mengi huku wa pili yake hauna hata moja. Mwisho wa njia yake hujenga chumba, hukisakafia kwa utando unaofanana na nta utokao mwilini mwake ili unyevu wa udongo usipite, halafu huanza safari za shambani. Chavua anaichanganya na mbochi hadi iwe uji mzito. Chumba kikifikia kipimo, hutaga yai moja juu ya uji ule, hufunika kwa udongo, na kuanza chumba kingine. Hatawaona watoto wake. Maisha yake ya ukubwani ni ya wiki chache tu, na watoto hutoka yeye akiwa amekwisha kufa.

Sasa kekeo. Jike lake hukaa karibu na matundu, juu ya kijiti au kwenye kivuli cha ukuta, akingoja. Akiona mwenyewe katoka, huingia. Akimkuta ndani, hutoka upesi na kurudi pembeni kungoja tena. Mara nyingi nimemwona akiingiza kichwa tu, akipapasa kwa vipapasio, akiondoka kwenda tundu la jirani, na sina shaka kwamba anachunguza kwa harufu. Jamii yake hutafuta chumba kilichokwisha kufunikwa. Hutoboa kile kifuniko cha udongo, hupenyeza ncha ya tumbo, na kulibandika yai lake kwa ndani, kwenye kifuniko au ukutani mwa chumba. Kisha hukiziba kile kitobo. Ukiangalia kwa nje huoni dalili yoyote. Mchimbaji akirudi hukuta kifuniko chake kipo, na huendelea na kazi ya chumba kinachofuata.

Kinachotokea humo ndani kimewasumbua wanafunzi wengi, na najua kitawasumbua baadhi ya wasomaji. Yai la kekeo huanguliwa, na buu linalotoka lina kichwa kigumu na taya mbili ndefu zilizopinda, zenye ncha kali. Taya hizo hazifai kula uji wa chavua. Zina kazi moja. Buu hutambaa humo gizani mpaka likute yai la mchimbaji au mtoto wake mchanga, na hulichoma. Kama kekeo wawili wametaga katika chumba kimoja, mabuu yao hukutana na mmoja tu ndiye hubaki. Baada ya hapo buu hujivua ngozi, na taya zile za kuulia huondoka pamoja na ngozi hiyo. Linakuwa buu jeupe, laini, lenye taya za kawaida, linakula uji ambao aliandaliwa mwingine. Likimaliza hutoa uchafu wake, hutulia, na linaweza kukaa vivyo hivyo wiki nyingi au miezi, likisubiri majira. Halafu huwa pupa, na kutoka pupa huwa nyuki kamili mweusi mwenye mabaka, anayejipenyeza hadi nje wakati ambao wachimbaji nao wameanza kutoka na maua yako tele. Kwangu hapa huwaona kwa wingi mvua za vuli zikishaotesha vivumbasi na magugu ya pembeni mwa shamba, na tena baada ya masika.

Jirani yangu mmoja, mama ninayemheshimu sana, nilipomweleza habari hizi alisema basi mwalimu, huyo ni mwizi na muuaji, mafuta ya taa yanamstahili. Nadhani na yule aliyeandika jibu kwenye ukurasa wenu aliongozwa na hisia hiyo hiyo. Nimelitafakari neno lake kwa dhati, nami nina majibu mawili.

La kwanza ni la kawaida kabisa: mafuta ya taa hayachagui. Matundu yale ni ya mchimbaji. Kekeo hana tundu hata moja. Usiku hayumo ukutani, amelala nje. Ukimimina mafuta jioni kama mlivyoelekeza, utakaowaua ni wachimbaji wenyewe, maana jike la mchimbaji hulala ndani ya tundu lake, pamoja na mabuu yote yaliyofungiwa vyumbani. Utakayemwacha hai ni yule yule uliyekusudia kumwua. Haiwezekani mkulima apewe ushauri ulio kinyume kuliko huu.

Na mchimbaji si mdudu wa kupoteza hivi hivi. Chukua ua la biringanya ulitazame. Zile stameni za njano katikati hazipasuki kando kumwaga chavua kama za maua mengine. Chavua imefungiwa ndani, na mlango wake ni vitundu viwili vidogo kwenye ncha. Ndivyo lilivyo ua la nyanya chungu na la mnavu, na la nyanya pia chavua yake hutoka vizuri likitikiswa. Nyuki wa asali hana mbinu ya kulitikisa. Mchimbaji anayo. Hulikumbatia ua, huyatuliza mabawa, kisha huitetemesha misuli ile ile ya kurukia, na chavua hunyunyizika kifuani mwake. Wewe uliyesimama karibu unasikia mlio mfupi mkali, zzit, na ua lote linatikisika. Huko Australia, watafiti waliowapima nyuki wa jamii hii kwenye maua ya nyanya mwaka 2015 walikuta wanalitikisa ua kwa kichwa kiasi cha mara 350 kwa sekunde moja. Nyanya na biringanya zinaweza kujichavusha zenyewe kwa upepo, sikatai, lakini mkulima yeyote anajua tofauti ya tunda lililojaa na lile lililodumaa upande mmoja.

Kwa wanaotaka ushahidi wa karibu na nyumbani, upo wa Nguruman, kusini mwa Kenya, karibu na mpaka wetu, ambako uchavushaji wa biringanya ulichunguzwa na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008. Wachavushaji wakubwa wa biringanya kule walikuwa nyuki wa mwituni, akiwemo yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa. Nyuki hao hawafugwi na mtu mzingani. Wanaishi kwenye vichaka, miti mikavu na udongo usiolimwa kando ya mashamba, na wanakuja shambani kutoka huko. Huku kwetu Muheza vichaka vinapungua kila msimu, mashamba ya machungwa yanafyekwa mpaka chini na dawa ya magugu inamaliza yaliyobaki. Ukuta wa udongo wa jiko umekuwa moja ya sehemu chache alizobakiwa nazo mchimbaji, nasi tunaambiwa tuupige saruji.

Jibu langu la pili linamhusu kekeo mwenyewe. Nakiri si rahisi kumpenda buu mwenye taya zile. Lakini fikiri anachohitaji ili aishi. Anahitaji ukuta wenye wachimbaji wa kutosha, si mmoja wawili, kwa kuwa jike lake likikuta vyumba vichache litakufa bila kuacha kizazi. Wachimbaji nao wanahitaji maua mengi, ya aina mbalimbali, kwa muda mrefu, na udongo mkavu usiosumbuliwa. Yakipungua hayo, wa kwanza kutoweka ni kekeo, kabla hata hujaona wachimbaji wamepungua. Ndiyo maana wanaochunguza nyuki wa mwituni huwahesabu nyuki wa namna hii kwa makini, na wakiwakuta wanajua kwamba mahali pale nyuki wengine wana afya. Yule msomaji aliyeuliza swali lake kwa hofu alikuwa ameona ishara njema kwenye ukuta wake. Alistahili kupongezwa.

Wala kekeo hajamaliza wachimbaji. Mchimbaji hatagi mayai yote chumba kimoja. Kila yai lina chumba chake, vingine vinaguswa, vingine havionekani. Wawili hawa wamekaa pamoja tangu zamani tusiyoweza kuihesabu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika familia yao ya nyuki, tabia hii ya kutaga kwa wengine ilianza zama za dinosaria. Kitu kilichodumu muda wote huo bila kuwamaliza wenyeji wake hakihitaji hukumu yangu mimi wala kopo la mafuta.

Sitaki nimdhulumu mwandishi wenu kwa kusema kila alichosema si kweli. Nyigu anayewinda nyuki wa asali yupo kweli. Ana rangi ya njano na nyeusi, humdunga nyuki hadi apooze na kumbeba chini ya tumbo hadi shimoni kwake. Na kwenye kuta zetu kuna wengine wanaoweza kuchanganywa: dondora wa kiuno chembamba anayejenga kwa tope na kujaza buibui, na kile kinyigu cha kijani kinachong'aa mwili mzima kama kimepakwa madini, kisicho na baka hata moja. Watazameni kwanza. Mwenye mwili mweusi, mabaka ya buluu au meupe, asiye na kiuno cha uzi, anayepitapita polepole mbele ya matundu, huyo ni kekeo, na hali nyuki yeyote.

Wafuga nyuki wenzangu wa Handeni, ambao wameniuliza zaidi ya mara moja kama mdudu huyu ataingia mizingani, nawaambia wasihofu. Kekeo huyu haingii mzinga wa nyuki wa asali. Hawezi kitu humo. Vyumba, chakula na ulinzi wa mle havimfai. Wenye mizinga ya nyuki wadogo wasiouma, wale wanaokaa kwenye magogo na nyufa, wana mgeni wao mwingine hapa Afrika, nyuki mdogo aitwaye Cleptotrigona, anayeishi kwa kupora akiba za nyuki wadogo wenzake. Huyo huja kwa kundi na ni habari nyingine kabisa. Na yaliyowapata wafugaji wa Afrika Kusini tangu mwaka 1990, pale mizinga ya nyuki wa Rasi ya Cape ilipohamishiwa kaskazini na vibarua wao wakaingia mizinga ya watu na kuanza kutaga humo kama malkia, hadi makundi mengi yakafa, hayo yalitokana na mkono wa binadamu kuhamisha mizinga. Hayamhusu mdudu wa ukutani. Nimeyataja kwa sababu nimesikia watu wakiyachanganya.

Kuhusu kuuma: jike la kekeo lina mwiba, na ukimbana mkononi atautumia. Zaidi ya hapo hana habari na wewe. Hana mzinga wa kulinda, hana asali, hana sababu ya kukufukuza. Wajukuu wangu hukaa hatua mbili kutoka kwenye ukuta ule wakiwahesabu, na hakuna aliyewahi kuumwa. Kazi yao wanayoipenda zaidi ni ya jioni. Jua likikaribia kuzama tunazunguka ua wa nyumba kutafuta kekeo waliolala. Wanachagua kijiti kikavu, mara nyingi kile cha kivumbasi kilichokwisha kutoa mbegu, wanakiuma kwa taya zao, wanakunja miguu, na kuning'inia hivyo usiku kucha, kimya, mwili mzima ukishikiliwa na taya peke yake. Wakati mwingine wako kadhaa kwenye kijiti kimoja. Madume ya mchimbaji nayo hulala vivyo hivyo, kwenye vijiti vya jirani. Kwa hiyo mtu anayefagia ua wake na kung'oa kila kijiti kikavu kabla ya giza anawanyima kitanda, na mimi nimemwomba kijana anayenisaidia kazi aviache vile vya kando ya ukuta mpaka mvua iviangushe yenyewe.

Sasa yale ya kufanya, maana najua mkulima anataka kujua afanye nini, na ukuta uliotobolewa nao una mipaka yake. Matundu ya mchimbaji hayaendi mbali; ni ya sentimita chache, na ukuta mnene hauangushwi nayo. Kama ukuta wako umedhoofika kweli, ukandike, lakini kwa vipande: msimu huu upande mmoja, mwingine uuache kama ulivyo mpaka waliomo watoke. Kandika kwa udongo, usikandike kwa saruji, ili wakirudi wapate pa kuchimba. Anayejenga upya kwa tofali za kuchoma, sifa kwake, ila aache kipande cha ukuta wa zamani chini ya paa dogo, au arundike tofali mbichi chache mahali pakavu pasipopigwa na mvua. Watazipata. Anayepiga dawa ya wadudu shambani asipige asubuhi maua yakiwa wazi na nyuki wakiwa kazini. Asubiri jua lizame, na maua yenyewe ayaepuke kadiri awezavyo. Na kivumbasi kinachoota chenyewe kwenye mipaka ya shamba kiachwe kitoe maua. Nyumbani tunakijua kwa kufukuza mbu. Kwa nyuki hawa wawili ni meza iliyotandikwa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo na la haraka. Ukurasa wa kilimo ufute ule ushauri wa mafuta ya taa kwa maandishi yanayoonekana, mahali pale pale ulipochapwa, kabla wasomaji hawajaufuata wiki hii ambayo ni ya kukandika nyumba. Kama mna nafasi, wekeni picha mbili kando kwa kando, ya mchimbaji na ya kekeo. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana hazina kubwa ya nyuki wa ukanda wetu, na mtaalamu wao Mary Gikungu alikwisha kuonyesha kwamba msitu wa Kakamega peke yake una aina zaidi ya 200 za nyuki. Siamini kwamba atakosekana mtu wa kuwasaidia mwandishi wenu kuthibitisha picha, hata kwa barua pepe, kabla jibu jingine la namna hii halijachapishwa.

Na kwa yule msomaji aliyeuliza: ndugu yangu, kama bado hujamimina, weka kopo chini. Kesho saa tatu asubuhi simama hatua mbili kutoka kwenye ukuta wako, tazama ni wangapi wenye mistari na wangapi wenye mabaka, kisha tuandikie hapa hapa gazetini utuambie umeona nini.

Wako,
Mwalimu mstaafu na mkulima wa mboga,
Muheza, Tanga